Meli Hupita, Kituo Hubaki: Historia ya Vyombo na Vituo vya Wanafunzi wa Elimu ya Bahari



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tunafungua mlango wa historia ambao hatujauzoea sana hapa Juba. Tutazungumzia bahari, na namna wanafunzi wa vyuo vikuu walivyopata mahali na vyombo vya kuisomea.

Najua wapo watakaouliza: sisi tuna nini na bahari? Nchi yetu, tangu ilipojitegemea tarehe 9 Julai 2011, haina hata hatua moja ya pwani. Swali hilo ni la haki. Lakini maji yapitayo hapa Juba usiku na mchana hayaishii Juba. Yametoka kwenye maziwa ya Afrika Mashariki, na yale yasiyopotea njiani yanakwenda mpaka Misri na kumwagika katika Bahari ya Mediterania. Tena, tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, vijana wetu wana ndugu wa karibu zaidi Kampala, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Akitokea kijana mmoja kumwambia baba yake, "Nataka kusomea elimu ya maji na viumbe vyake," baba anashtuka: "Hiyo ni elimu gani, na utaila wapi?"

Makala hii ni jibu kwa baba huyo. Historia inatufundisha jambo moja lililo wazi: meli ya utafiti hupita na kwenda zake, lakini kituo chenye wanafunzi hubaki, na penye wanafunzi ndipo elimu inapozaa. Watu waliopitiwa na meli tu walibaki kusimuliwa habari za maji yao na wageni. Waliopata kituo na wanafunzi walijifunza kusema wenyewe.

CHOMBO NI DARASA LA ZAMANI

Kumfundisha mtu bahari akiwa ndani ya chombo si jambo jipya. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walifanya hivyo kwa karne nyingi. Kijana aliingia jahazini akiwa mdogo, akaanza kwa kukoma maji yanayoingia chomboni na kupika, na huku anasikiliza. Akajifunza Kaskazi inaanza lini na Kusi inaanza lini, nyota ipi inachomoza juu ya bandari ipi, na namna ya kutupa bildi ili kujua maji yana pima ngapi na chini kuna mchanga au matope. Baada ya miaka mingi ndipo akaitwa nahodha au rubani.

Miongoni mwa walioiandika elimu hiyo ni Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, katika nchi ambayo leo ni Umoja wa Falme za Kiarabu. Alikamilisha kitabu chake mashuhuri cha uongozaji wa vyombo karibu na mwaka 1490. Wengi tumesimuliwa kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda India mwaka 1498, lakini watafiti wengi wa leo hawaikubali hadithi hiyo. Heshima yake haihitaji hadithi hiyo. Inatosha kwamba aliandika alichokijua ili atakayekuja nyuma asianze upya.

Hebu tuyashike mambo hayo mawili: kujifunza kwa mkono ndani ya maji, na kuandika kwa ajili ya atakayekuja. Vituo na meli zote tutakazozitaja zimesimama juu ya hayo.

CHOMBO KILICHOFIKA KWETU NA KUPITA

Kabla ya kwenda baharini, tuanze hapa nyumbani. Mwaka 1839 mtawala wa Misri, Muhammad Ali Pasha, alimtuma afisa wake wa majini aitwaye Salim Qabudan kupanda Mto Nile Mweupe kutoka Khartoum kutafuta chanzo chake. Safari ya kwanza haikufika mbali kama ilivyotarajiwa. Safari ya pili iliondoka Khartoum mwishoni mwa mwaka 1840, na Januari 1841 vyombo vyake vikafika Gondokoro, ng'ambo ya mto, karibu kabisa na mahali ulipo mji wetu wa Juba. Hapo miamba na maji yaendayo kasi vikawazuia, wakageuka. Katika safari hiyo walikuwamo pia Wafaransa na Mjerumani mmoja, Ferdinand Werne, ambaye baadaye aliandika kitabu kuihusu.

Kwa upande wa elimu, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ramani za Ulaya na Misri zilipata mto ambao hazikuwa nao. Lakini watu wa hapa walipata nini? Hakuna mtoto wa Kibari aliyefundishwa kusoma dira wala kuandika kina cha mto wake. Njia ikishafunguliwa, waliofuata baada ya miaka michache walikuwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na baada yao biashara ya watumwa ikapanda mto huohuo. Miongoni mwa wafanyabiashara hao walikuwamo Wazungu na walikuwamo wanaojiita Waislamu. Tuseme kweli hata kama ni chungu, kwani dhuluma ni dhuluma, afanyaye awe nani.

Hayo hatuyatoi ili kuwalaumu waliokwisha kufa. Tunayataja ili tuone kwamba elimu ya maji ikikaa mikononi mwa wapitaji peke yao, wenye maji hawana hakika itatumiwaje.

MELI YA MABAHISS, 1933–1934

Sasa tusogee mbele karibu miaka mia moja, twende Alexandria. Mwaka 1930 Serikali ya Misri ilijengewa meli ya utafiti wa uvuvi huko Newcastle, Uingereza. Urefu wake ulikuwa kama mita 42, yaani si kubwa kwa mwendo wa bahari kuu. Ikaitwa Mabahiss, neno la Kiarabu lenye maana ya uchunguzi au tafiti.

Wakati huo Waingereza walikuwa na fedha zilizoachwa kwa wasia na Sir John Murray, mwanasayansi wa bahari aliyefariki mwaka 1914, ili zitumike katika utafiti wa bahari. Walikuwa na fedha lakini hawakuwa na meli ya kufaa. Misri ilikuwa na meli. Wakapatana. Misri ikatoa meli pamoja na mabaharia wake, na Waingereza wakatoa fedha, nahodha na kiongozi wa msafara, Seymour Sewell, aliyewahi kuongoza idara ya utafiti wa wanyama nchini India.

Lakini ndani ya meli ile walikuwamo pia Wamisri wawili waliosoma. Mmoja ni Dkt. Hussein Faouzi, tabibu wa meli na mtaalamu wa viumbe. Wa pili ni Abdel Fattah Mohamed, mkemia. Hawa hawakuchukuliwa kubeba mizigo. Walikuwa katika kundi la wanasayansi, wakipima na kuandika pamoja na wenzao.

Mabahiss iling'oa nanga Alexandria tarehe 3 Septemba 1933. Ikapita Bahari ya Shamu, ikaingia Ghuba ya Aden na Bahari ya Arabuni, ikafika Karachi na Bombay. Mwanzoni mwa 1934 ilikuwa katika maji yetu ya Afrika Mashariki, ikafanya kazi kuzunguka Mombasa, Pemba na Zanzibar, kisha ikaelekea Colombo na visiwa vya Maldivi. Ilirudi Alexandria tarehe 25 Mei 1934.

Msomaji mdogo atauliza: kazi yenyewe ilikuwaje? Meli husimama mahali palipochaguliwa. Kwanza hupimwa kina. Mabahiss ilikuwa na chombo kinachotuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake ukirudi. Sauti ikichelewa, maji ni marefu. Ikiwahi, maji ni mafupi. Kisha hushushwa chupa za kuchotea maji, moja chini ya nyingine kwenye waya mmoja, zikifungwa kila moja katika kina chake, ili wajue joto, chumvi na hewa iliyomo katika maji ya kila tabaka. Mwisho hushushwa nyavu. Kila kitu huandikwa: saa, mahali, kina, kilichopatikana. Halafu meli husogea na kazi huanza tena, mchana na usiku, hata kama mawimbi yanawatapisha watu.

Kwa njia hiyo walikuta safu za milima na mabonde makubwa chini ya Bahari ya Arabuni. Kubwa zaidi ni lile walilokutana nalo kandokando ya Oman na nchi za Arabuni. Nyavu zilizokokotwa katika kina cha mamia ya mita zilirudi karibu tupu, na matope yaliyopanda yalinuka kama yai viza. Maji ya tabaka hilo hayakuwa na hewa ya kutosha viumbe kuishi. Leo inajulikana kuwa Bahari ya Arabuni ina mojawapo ya maeneo makubwa zaidi duniani ya maji ya namna hiyo, na wavuvi wa Oman wanahusika nayo moja kwa moja, kwa sababu maji hayo yakipanda juu, samaki hukimbia au hufa.

Angalia sasa kilichofuata, maana hapo ndipo pana somo letu. Waingereza walirudi kwao na sanduku za sampuli. Meli ikabaki Misri, na watu wake wakabaki Misri. Msimu wa baridi wa 1934–1935 meli ileile ikatoka tena, safari hii kwa uchunguzi wa Misri yenyewe katika Bahari ya Shamu, na Abdel Fattah Mohamed akaandika taarifa yake. Hussein Faouzi aliandika kwa Kiarabu kitabu cha safari ya bahari ya Hindi, kilichotoka mwaka 1938, akajilinganisha na Sindbadi wa zama mpya. Baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa kitivo cha sayansi katika chuo kikuu cha Alexandria. Meli ya Mabahiss yenyewe ilizeeka na kuhifadhiwa Alexandria kama kumbukumbu. Lakini waliopanda wakiwa vijana waliwafundisha wengine, na wengine wakafundisha wengine.

KITUO CHA GHARDAQA NA MWANAFUNZI ALIYEKUWA MKUU

Meli ni ghali. Inataka mafuta, mabaharia na matengenezo, na mwanafunzi hawezi kuishi humo mwaka mzima. Kwa sababu hiyo vyuo vikuu hujenga vituo ufukweni: nyumba yenye maabara, matangi ya kufugia viumbe, mashua ndogo na vitanda vya wanafunzi. Mwanafunzi huamka, huteremka majini, hurudi na alichookota na kukitazama kikiwa hai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Chuo Kikuu cha Misri, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Cairo, kilikuwa na kituo cha namna hiyo Ghardaqa, pwani ya Bahari ya Shamu. Leo watalii wanapaita Hurghada na pamejaa hoteli, lakini wakati huo palikuwa jangwa na bahari tu. Mkurugenzi wake wa mwanzo alikuwa Mwingereza, Cyril Crossland. Historia ya mtu huyu inagusa pande zote zetu. Alifanya utafiti wa viumbe vya bahari Zanzibar mwaka 1901 na 1902. Kisha akakaa miaka mingi katika pwani ya Sudan, pale Dongonab, akishughulika na ufugaji wa chaza wa lulu, kabla ya kwenda Ghardaqa.

Katika kituo hicho alilelewa kijana wa Kimisri, Hamed Gohar, aliyezaliwa mwaka 1907. Alijishughulisha na matumbawe laini, akaishi ufukweni pale miaka mingi, na Crossland alipoondoka mwishoni mwa miaka ya 1930, Gohar akashika uongozi wa kituo. Aliandika pia kuhusu nguva wa Bahari ya Shamu. Alipokuwa mzee alijulikana katika nyumba nyingi za Kiarabu kwa kipindi chake cha televisheni kuhusu ulimwengu wa bahari. Alifariki mwaka 1992.

Basi linganisha. Katika Gondokoro ya 1841, chombo kilipita na mwanafunzi hakubaki. Katika Ghardaqa, mgeni aliondoka na mwanafunzi akabaki, tena akawa mkuu wa kituo.

PWANI ILIYOKUWA YETU KWA JINA

Wazee wetu wanakumbuka kuwa hadi mwaka 2011 pwani ya Bahari ya Shamu, kutoka Suakin hadi kupita Port Sudan, ilikuwa ndani ya nchi moja na sisi. Huko nako kulikuwa na historia. Mwaka 1963 Mfaransa Jacques Cousteau alijenga nyumba chini ya bahari kwenye mwamba wa Sha'ab Rumi, karibu na Port Sudan. Watu watano walikaa humo kwa mwezi mmoja, kama mita kumi chini ya maji, wakila na kulala na kufanya kazi. Filamu yake ilionyeshwa duniani kote. Mabaki yake bado yamo majini.

Lakini hata hapa ilikuwa ni kupita. Kilichobaki kwa wanafunzi wa Sudan ni vitu visivyo na filamu: maabara ya Chuo Kikuu cha Khartoum pale Suakin, na kitivo cha elimu ya bahari na uvuvi katika Chuo Kikuu cha Bahari ya Shamu, Port Sudan. Vita vilivyoanza Khartoum Aprili 2023 vimetuonyesha pia jinsi milango hiyo inavyoweza kufungika kwa siku moja. Ndiyo maana ni hatari kwa nchi kutegemea mlango mmoja tu wa elimu, tena ulio kwa jirani.

JINJA, ZANZIBAR NA MOMBASA

Sasa twende kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1947 kilianzishwa kituo cha utafiti wa samaki Jinja, Uganda, pale pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, likaanzishwa shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini lenye makao Zanzibar. Taasisi hizi mbili zilikuwa za pamoja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na ile ya Zanzibar ilihudumia pwani nzima. Ilikuwa na meli zake za utafiti, na katika miaka ya 1960 iliyojulikana zaidi ni Manihine, ambayo kabla ya hapo ilifanya kazi Singapore.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika, na taasisi za pamoja zikavunjika nayo. Ingewezekana yote yakafa. Lakini mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari palepale Zanzibar, kikarithi mahali na kazi ya lile shirika la zamani. Chuo hicho kilikuwa pia na kituo chake Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ambako wanafunzi walitoka darasani na kuingia kwenye matumbawe na mikoko. Kenya nayo ikaanzisha taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, makao yake Mombasa.

Faida yake ilikuwa nini? Tutoe mfano mmoja ambao kila mama ataufahamu. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Keto Mshigeni, alikuwa akichunguza mwani wa pwani ya Tanzania: upi una faida, unaota wapi, unaweza kulimwa vipi. Wakati huo mtu angeweza kumcheka kwamba anasomea majani ya baharini. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kikaanza Zanzibar, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani. Wengi wa wakulima wakawa wanawake, waliosubiri maji yatoke, wakafunga mbegu kwenye kamba na mambo, na kwa mara ya kwanza wengi wao wakashika fedha zao wenyewe. Baadaye maji yalipozidi kupata joto na mwani wa bei nzuri ukaanza kufa, watafiti wa taasisi ileile, akiwamo Flower Msuya, walishughulika pamoja na akina mama hao kutafuta njia za kulima katika maji ya kina zaidi.

Hilo ndilo jibu la "utaila wapi". Meli ya kigeni isingekuwepo siku mwani ulipoanza kufa. Kituo kilikuwepo, na waliomo ndani yake wanazungumza lugha moja na mkulima.

Kwa upande wa Kenya, katika miaka ya 2010 nchi hiyo ilipewa na Ubelgiji meli ya utafiti iliyoitwa Zeeleeuw, ikapewa jina jipya la Mtafiti. Angalia jinsi majina yanavyokutana: Mabahiss ya Wamisri na Mtafiti ya Wakenya, maana zao ni ndugu. Lakini hata meli ya kupewa inataka mafuta na mafundi kila mwaka. Taasisi hiyo ina kituo kidogo pia Gazi, kusini ya Mombasa, ambako miaka mingi ya kupima mikoko ilizaa mradi wa wanakijiji wa kuihifadhi, ujulikanao kama Mikoko Pamoja, unaowaletea fedha za maji na shule. Na kuingia msituni kupima mikoko, mtu hahitaji meli. Anahitaji viatu vya matope, kamba, daftari na miaka.

NA SISI WA MTO JE?

Turudi Juba. Kaskazini yetu kidogo ipo Mongalla. Pale tangu mwaka 1905 palikuwa na kipimo cha maji ya mto, na watu waliandika kimo chake mwaka baada ya mwaka. Kwa kulinganisha maji yaliyopita Mongalla na yale yaliyotokea Malakal, wataalamu waligundua jambo kubwa: takriban nusu ya maji yanayoingia katika kinamasi cha Sudd hayatoki upande wa pili, bali hupanda angani kwa jua na kupitia majani. Kumbukumbu hizo pia zilionyesha jinsi mto ulivyofura baada ya mvua kubwa za 1961, Ziwa Victoria lilipopanda na kinamasi kikapanuka mno na kuwafukuza watu na ng'ombe wao.

Kisha, mapema katika miaka ya 1980, vita vilipoanza, mfululizo huo wa vipimo ukakatika. Miaka mingi ya mto ikapita bila kuandikwa. Nyumba iliyoungua hujengwa tena, lakini kimo cha mto cha siku iliyopita hakiwezi kupimwa leo.

Hasara yake tumeiona. Mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kuupitisha mto pembeni ya Sudd, ulianza kuchimbwa mwaka 1978 na ukasimama mwaka 1984 kwa sababu ya vita. Watu wachache wa kusini walikuwa wamesomea jambo hilo, mmoja wao Dkt. John Garang, ambaye shahada yake ya udaktari ya mwaka 1981 nchini Marekani ilihusu maendeleo ya watu wa eneo la mradi huo. Mafuriko makubwa yalipokuja kuanzia mwaka 2019 na kuendelea, yakazama makazi ya Jonglei na Unity, mjadala ukarudi kwa nguvu. Mwaka 2022 wengine walitaka mito izibuliwe na mfereji urejewe. Wengine wakasema kinamasi kikikauka, samaki, malisho na mvua vitakwenda nacho. Rais akasimamisha uzibuaji mpaka utafiti ufanyike.

Mpaka utafiti ufanyike! Maneno hayo ni mazito, ndugu zangu. Utafiti huo utafanywa na nani? Kama hatuna vijana waliojifunza kuteremsha chupa na nyavu, kusoma kipimo, kulala kinamasini na kuandika, basi atakuja mgeni na chombo chake, atapima, ataandika, ataondoka. Huenda akawa mtu mwema na mwaminifu. Lakini sisi tutakuwa palepale Gondokoro ya 1841, tukitazama tanga likigeuka.

YALIYO MIKONONI MWETU

Hatuna uwezo wa kununua meli. Lakini yapo ya familia na ya madrasa.

Kwanza, mzazi usimvunje moyo mtoto anayeuliza kuhusu samaki, maji na mvua. Katika Surat An-Nahl tumekumbushwa neema ya bahari, nyama yake na vyombo vipitavyo juu yake. Anayeichunguza neema hiyo hajatoka nje ya njia.

Pili, wanafunzi wa sekondari watilie nguvu hesabu, kemia na biolojia, kwani ndizo funguo za mlango huu. Waulize mapema kuhusu vyuo vya Juba na vya majirani, wasingoje matokeo.

Tatu, mazoea ya kuandika yanaweza kuanza leo. Mtoto akiwa na mtu mzima, mahali salama mbali na mkondo na mamba, anaweza kuweka alama ya kimo cha mto kila wiki. Anaweza kuteremsha kwa kamba sahani nyeupe yenye uzito na kuandika inapotea machoni katika kina gani. Njia hiyo ya kupima uangavu wa maji ilibuniwa na Mwitaliano Angelo Secchi mwaka 1865 na bado inatumika. Aandike tarehe, saa na kipimo, asikose wala asibuni. Asiyepima siku fulani aache nafasi wazi, maana kuandika uongo katika daftari la vipimo ni khiyana kwa atakayelisoma baada yetu.

Daftari kama hilo, likishikwa miaka kumi kwa uaminifu, ni mwanzo wa kituo. Ghardaqa ilikuwa jangwa na mashua, na Mongalla ilikuwa kipimo kimoja ukingoni mwa mto.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awalinde majini na nchi kavu, na aijaalie nchi yetu amani ya kudumu ili kinachoandikwa kisikatike tena. Aamin.

Wabillahi tawfiq.